Kiambishi “-ta-” katika Sheria za Vyuo: Lugha ya Sheria na Elimu ya Umma Mkoani Simiyu



1.0 Utangulizi

Mkoa wa Simiyu ulianzishwa mwaka 2012 kwa kumega sehemu za mikoa ya Shinyanga na Mwanza. Una wilaya tano, yaani Bariadi, Busega, Itilima, Maswa na Meatu, na makao yake makuu yapo Bariadi. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu 1,584,157 katika mkoa huo. Ile ya mwaka 2022 ilihesabu watu 2,140,497. Wengi wao ni wakulima wa pamba na wafugaji, na lugha yao ya nyumbani ni Kisukuma.

Idadi ya vijana wanaomaliza shule katika mkoa huu inaongezeka, na swali linaloulizwa katika kaya nyingi ni moja: mtoto akichaguliwa kwenda chuo, nani atalipa? Jibu la swali hilo limo katika sheria. Lakini sheria hiyo imesafiri safari ndefu kabla ya kumfikia mzazi wa Bariadi. Kwa miaka mingi sheria za vyuo ziliandikwa kwa Kiingereza, zikajadiliwa Bungeni kwa Kiswahili, kisha zikaelezwa kijijini kwa Kisukuma. Katika kila kituo cha safari hiyo maneno yalibadilika uzito.

Mhadhara huu unachunguza vipashio vinne vya lugha vinavyobeba sera ya vyuo vya umma nchini Tanzania: neno “chuo”, kitenzi “kuchangia”, neno “uwezo” na kiambishi “-ta-”. Hoja yake kuu ni kwamba sarufi ya sheria ndiyo huamua nani anadaiwa na nani hadaiwi, na kwamba kuiandika sheria kwa Kiswahili ni hatua muhimu ambayo peke yake haitoshi.

2.0 “Chuo”: neno moja, sheria nyingi

Katika Kiswahili cha zamani, “chuo” kilikuwa kitabu. Kamusi ya Krapf ya mwaka 1882 inalitaja neno hili kwa maana hiyo. Kutoka kitabu, maana ikapanuka hadi mahali pa kusomea kitabu, yaani madrasa, na kutokana nayo tukapata neno “mwanachuoni”. Katika karne ya 20 neno hilohilo likabeba taasisi zote za mafunzo baada ya shule: chuo kikuu, chuo cha ualimu, chuo cha ufundi stadi, chuo cha maendeleo ya wananchi.

Msemaji wa kawaida haoni mipaka kati ya vyuo hivi. Sheria inaiona. Vyuo vya ufundi stadi viliwekwa chini ya VETA kwa Sheria Na. 1 ya mwaka 1994. Elimu ya ufundi ya ngazi ya kati ilipata baraza lake kwa Sheria Na. 9 ya mwaka 1997, baraza ambalo tangu marekebisho ya mwaka 2021 linajulikana kama NACTVET. Vyuo vikuu vinasimamiwa na Tume iliyoundwa kwa Sheria ya Vyuo Vikuu Na. 7 ya mwaka 2005. Zaidi ya hayo, baadhi ya taasisi zina sheria zake mahususi. Chuo cha Usimamizi wa Fedha, IFM, ambacho kina kampasi mkoani Simiyu, kiliundwa kwa Sheria Na. 3 ya mwaka 1972.

Matokeo ya mgawanyo huu yanaonekana wazi Simiyu. Chuo cha VETA cha mkoa kinategemea kwa sehemu kubwa tozo ya kuendeleza ufundi stadi, ambayo hulipwa na waajiri kwa kukokotoa asilimia ya mishahara ya wafanyakazi wao. Theluthi moja ya tozo hiyo huelekezwa kwenye mafunzo ya ufundi stadi, na theluthi mbili huenda Hazina. Kiwango chake kilikuwa asilimia 6 hadi mwaka 2013 kilipopunguzwa kuwa asilimia 5, na kikaendelea kushuka hadi asilimia 3.5 mwaka 2023. Mkulima wa pamba wa Itilima hana orodha ya mishahara, kwa hiyo mkoa wa wakulima huchangia kidogo katika mfuko huo na hutegemea mgawo unaotokana na mishahara ya mijini. Kila sheria ya fedha inapopunguza kiwango kwa nusu asilimia, karakana ya Bariadi inaguswa, ingawa neno “Bariadi” halimo katika sheria hiyo.

Kwa upande mwingine, Bodi ya Mikopo iliundwa kwa Sheria Na. 9 ya mwaka 2004 kwa ajili ya “elimu ya juu”. Kwa muda mrefu mwanafunzi wa stashahada aliachwa nje ya mikopo hiyo. Katika mwaka wa masomo 2023/24 mikopo ilitolewa kwa baadhi ya wanafunzi wa stashahada katika fani zilizopewa kipaumbele. Mzazi aliyesikia redioni kwamba “wanafunzi wa vyuo wanapewa mikopo” hakudanganywa; alisikia neno pana mahali ambapo sheria ilitumia neno finyu.

3.0 “Kuchangia” na kukopa

Katika miaka ya mwanzo ya uhuru, serikali iligharamia masomo ya chuo kikuu. Hali ilianza kubadilika rasmi mwaka 1992, sera ya uchangiaji wa gharama ilipoanza kutekelezwa katika elimu ya juu.

Inafaa kulitazama neno lililochaguliwa. Katika jamii za Waswahili na majirani zao, mtu huchangia harusi, msiba au ujenzi wa zahanati. Mchango hutolewa kwa hiari kwa kadiri ya mtu alivyojaliwa, na anayetoa hubaki mwenye shughuli pamoja na wenziwe. Sera ililichukua neno hilo la ujirani na kulipa maana ya malipo ya lazima yenye kiwango na tarehe. Neno lilibaki la hiari, masharti yakawa ya lazima. Huo ni mfano wa tasfida ya kisera, na wanafunzi wa semantiki wanaweza kujifunza mengi kutokana nao.

Sheria ya mwaka 2004 ilifanya jambo lililo wazi zaidi, kwa sababu ilitumia neno “mkopo”. Mkopo una mkopeshaji, mkopaji na siku ya kulipa. Marekebisho ya mwaka 2016 yaliweka makato ya asilimia 15 ya mshahara wa msingi, badala ya asilimia 8 iliyokuwa ikikatwa awali, na yaliwagusa hata wale waliokopa kabla ya hapo. Tozo ya asilimia 6 ya kulinda thamani ya mkopo nayo ilikuwepo hadi ilipofutwa mwaka 2021. Mwalimu kijana aliyetoka Meatu na kuajiriwa aliona mabadiliko hayo katika hati yake ya mshahara, na ndugu zake waliotarajia msaada wake waliyaona mezani.

4.0 “Uwezo” na “-ta-”

Katiba ya mwaka 1977 imeandikwa kwa Kiswahili, na ibara yake ya 11 inahusu elimu. Ibara hiyo inampa kila raia uhuru wa kutafuta elimu hadi upeo wowote kulingana na “stahili na uwezo wake”. Tafsiri ya Kiingereza imelichukua neno “uwezo” kwa maana ya vipaji vya mtu. Lakini mwulize mzazi yeyote Bariadi maana ya “mtu mwenye uwezo”, naye atakuonyesha mwenye ng’ombe wengi, duka au trekta. “Sina uwezo” ni kauli ya umaskini. Kwa hiyo sentensi moja ina masomo mawili: la kwanza linasema kijana asome kadiri ya akili yake, la pili linasema asome kadiri ya mfuko wa baba yake. Mtungaji alikusudia la kwanza. Msomaji aliyeona mtoto akirudishwa nyumbani kwa kukosa ada hulisoma la pili.

Ibara hiyohiyo inasema kwamba Serikali “itafanya jitihada” ili watu wote wapate fursa sawa ya elimu na mafunzo ya ufundi. Hapa ndipo penye kiambishi “-ta-”. Kiingereza cha sheria kina vitenzi visaidizi tofauti kwa amri, ruhusa na wakati ujao. Kiswahili cha sheria kimezoea kutumia “-ta-” kwa amri na kwa wakati ujao pia. “Bodi itatoa” yaweza kuwa utabiri, ahadi au agizo. Mwanasheria husikia agizo. Mwanakijiji husikia ahadi, na Waswahili husema ahadi ni deni.

Je, deni hili linadaika? Ibara ya 7(2) inajibu kwamba masharti ya sehemu hiyo “hayatatiliwa nguvu ya kisheria” na mahakama yoyote, na kwamba mahakama “haitakuwa na uwezo” wa kuamua juu yake. “-Ta-” ya ibara ya 11 inakanushwa na “-ta-” ya ibara ya 7. Aidha neno “uwezo” limerudi kwa maana ya tatu, yaani mamlaka ya kusikiliza shauri.

Linganisha na Sheria ya Bodi ya Mikopo, ambayo inamwamuru mwajiri amkate mdaiwa na kuwasilisha makato hayo. Amri hiyo imefuatiwa na adhabu kwa mwajiri asiyetii. Kumbe nguvu ya “-ta-” haimo katika kiambishi chenyewe. Imo katika sentensi inayofuata, ile inayosema kitatokea nini ikiwa jambo halikutendwa. Kwa hiyo ahadi ya dola kwa mwanafunzi haina sentensi ya pili, ilhali deni la mwanafunzi kwa dola linayo. Huo ndio ulinganisho unaopaswa kumsumbua msomi wa lugha, kwa kuwa unaonekana katika matini yenyewe kabla hata ya kuangalia bajeti.

Jirani yetu Kenya inatoa mfano wa namna nyingine. Katiba yake ya mwaka 2010 inaiweka elimu katika ibara ya 43 miongoni mwa haki zinazoweza kudaiwa mahakamani. Mfumo mpya wa kufadhili vyuo vikuu ulipoanzishwa mwaka 2023, wananchi waliupinga kortini, na Desemba 2024 Mahakama Kuu ikautangaza kuwa unakiuka Katiba. Mwaka 2025 Mahakama ya Rufani ilisimamisha utekelezaji wa uamuzi huo. Matokeo ya shauri si hoja hapa. Hoja ni kwamba shauri liliwezekana.

5.0 Lugha ya sheria baada ya mwaka 2021

Mwaka 2021 Bunge lilirekebisha Sheria ya Tafsiri ya Sheria, na Kiswahili kikawa lugha ya sheria za Tanzania. Hayo ni mafanikio makubwa, na yanatimiza ndoto ya muda mrefu ya wapenzi wa lugha hii tangu Baraza la Kiswahili la Taifa lilipoundwa kwa sheria ya mwaka 1967.

Hata hivyo, Katiba imekuwa kwa Kiswahili tangu mwanzo, na tumeona utata uliomo ndani ya ibara mbili tu. Lugha ya wananchi inaweza kuficha kama lugha ya kigeni, tena kwa urahisi zaidi, kwa sababu msomaji hujiona ameelewa. Aliyesoma sheria ya Kiingereza asiyoijua alitafuta mwenye kumfasiria. Anayesoma “itafanya jitihada” hatafuti mtu.

Mapendekezo matatu yanafuata. Kwanza, watungaji wa sheria watenganishe wajibu na wakati ujao. Panapokusudiwa wajibu iandikwe “itawajibika kutoa” au “ina wajibu wa kutoa”. Panapokusudiwa hiari iandikwe “inaweza kutoa”. Na “-ta-” ibaki kwa yale yatakayofuata. Pili, neno “uwezo” lisiachwe peke yake katika sheria za elimu. Pawepo “uwezo wa kitaaluma”, “uwezo wa kifedha” na, kwa mahakama, “mamlaka”. Tatu, idara za Kiswahili ziwatume wanafunzi Bariadi, Maswa na kwingineko wakasome vifungu vya sheria za vyuo pamoja na wazazi na kuandika walichoelewa. Fomu ya mkopo hupitia kwa viongozi wa kijiji au mtaa. Viongozi hao ni wafasiri wa sheria ambao utafiti wa tafsiri haujawapa nafasi wanayostahili.

6.0 Hitimisho

Chuo cha umma hujengwa kwa saruji na mishahara, lakini saruji na mishahara hutanguliwa na sentensi. Simiyu ilikuwa mkoa kwa tangazo la maandishi, na kwa kuwa mkoa ikapata hoja ya kuwa na chuo cha mkoa. Kijana wa Busega hupata au hukosa mkopo kwa sababu ya maana ya neno moja. Kazi ya mwanaisimu si kuamua kiasi gani cha fedha kitolewe. Hiyo ni kazi ya Bunge. Kazi yake ni kuhakikisha kwamba mzazi anaposoma sheria hiyo kwa lugha yake, anajua kwa hakika kama amesoma agizo, ruhusa au matumaini. Akishajua, ataweza kumwuliza mbunge wake swali sahihi.