Kamera na Heshima ya Mzee



Tarehe 1 Oktoba ya kila mwaka ni Siku ya Wazee Duniani, iliyowekwa na Umoja wa Mataifa mwaka 1990. Siku hiyo kamera huwa nyingi. Mzee hukabidhiwa khanga au mfuko wa unga, kiongozi husimama katikati, na picha hupigwa. Ikitoka, jina la kiongozi limeandikwa. La mzee halimo.

Picha hiyo si ya uongo, lakini haisemi kweli yote. Humfundisha mtoto kwamba mzee ni mkono uliokingwa tu. Haimwonyeshi bibi aliyeamka alfajiri kuwapikia uji wajukuu waliofiwa na wazazi, wala babu anayeshona nyavu ambazo vijana watakwenda nazo baharini jioni. Na hata yule asiyejiweza kabisa si ombaomba. Azimio la Arusha la mwaka 1967 liliwahesabu wazee wa namna hiyo miongoni mwa watu wachache wenye haki ya kutegemea jasho la wenzao. Anachopewa ni malipo ya deni.

Lipo jambo zito zaidi. Kati ya mwaka 1970 na 1984 watu 3,693 waliuawa Tanzania Bara kwa tuhuma za uchawi, na kati yao 2,286 walikuwa wanawake. Sehemu kubwa ya mauaji hayo ilitokea Usukumani. Walioandamwa hasa ni wanawake wazee, na mojawapo ya alama zilizotajwa ilikuwa macho mekundu. Wekundu huo uliletwa na moshi wa miaka mingi jikoni: moshi wa kuni, wa mabua na, mahali ambapo miti ilikwisha, wa samadi kavu.

Hapa ndipo kazi ya mpiga picha inapopimwa. Akiupiga uso peke yake, macho mekundu yakiijaza karatasi, humwongezea mwenye chuki hoja. Akimpiga bibi huyo huyo ameinama mbele ya mafiga, akipuliza moto huku moshi umemzunguka, humpa mtazamaji sababu. Picha ya kwanza inashitaki; ya pili inatetea. Tofauti yake haiko katika ubora wa kamera. Mpiga picha wa pili alikaa jikoni mpaka chakula kikaiva. Ni kweli kwamba picha haitamzuia muuaji aliyekwisha kukodiwa, lakini yaweza kumfikia mtoto kabla hajarithi uongo wa wakubwa wake.

Kwa hiyo walimu wanayo kazi. Kamera moja ya shule, au simu ya mwalimu, yatosha. Wanafunzi wapige hodi, waamkie, waombe ruhusa, ndipo wampige picha mzee akiwa katika shughuli zake. Waandike jina lake, kijiji, tarehe, kazi aifanyayo na maneno yake mwenyewe. Akikataa, kamera irudi mkobani, kwa sababu aliyekataa ndiye mwenye sura. Akikubali, nakala moja apelekewe nyumbani. Wapo wazee ambao picha yao pekee ni ile ndogo ya kitambulisho.

Watumishi nao wana wajibu. Sera ya Taifa ya Wazee ipo tangu mwaka 2003, na tangu mwaka 2022 ipo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Mzee asilipie huduma yake kwa sura yake. Ikiwa picha ni lazima, basi ipigwe ya benchi la zahanati alilokalia tangu asubuhi, nayo iwekwe juu ya meza ya mkubwa anayehusika.

Wahenga walisema penye wazee haliharibiki neno. Lakini neno hilo halisikiki kwa anayepita mbio. Anayetaka kumwonyesha mzee kwa umma na aanze kwa kuketi naye.