Tunzeni Siri ya Mgonjwa, Fungueni Siri ya Dawa

  

Wanangu mnaohitimu leo famasia na utabibu hapa Mbagala, wosia wangu nauchota kwa waliotangulia kushika afya za watu. Huko Ndorwa na Kigezi, mpakani mwa Uganda na Rwanda, watu walimtumikia Nyabingi, mzimu wa kike walioamini kuwa huleta uzazi, afya na mali. Waliosema kwa niaba yake waliitwa bagirwa, wanawake kwa wanaume. Mgonjwa aliingia kibandani gizani, akamkuta mganga amejifunika, sauti imebadilika. Alitoa mbuzi au pombe, akaondoka na agizo asilothubutu kulihoji. Ujuzi ulibaki kwa wachache.

Nawaheshimu watu wale. Waliwapa wanawake sauti mbele ya watawala. Muhumusa, mtumishi mkuu wa Nyabingi, alifungwa na Wajerumani Bukoba. Alipotoka, akawakabili Waingereza. Aliwaahidi wafuasi wake kwamba risasi zitageuka maji. Mwaka 1911 wengi wao waliuawa, naye akakamatwa na kuzuiliwa Kampala hadi alipofariki mwaka 1945.

Ahadi hiyo si ngeni kwetu. Ukishika Barabara ya Kilwa kutoka hapa unafika Rufiji, kwa Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe, aliyenyongwa Mohoro Agosti 1905. Maji ya dawa aliyowagawia watu, akiwaahidi vivyo hivyo kuhusu risasi, yaliunganisha makabila ambayo hayakuwahi kupigana bega kwa bega. Umoja ule ulikuwa wa kweli, na tunaurithi hadi leo. Lakini risasi hazikugeuka maji. Dawa isiyohojiwa hupimwa siku ya hatari, na gharama yake ni roho za watu.

Leo, kwenye nguzo za umeme Tandika na Manzese, vibao vya waganga vinaahidi kazi, ndoa na kufaulu mitihani, na namba ya simu chini. Msiwachanganye hao na waganga waliosajiliwa chini ya Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002, wanaokubali mitishamba yao ichunguzwe. Muhimbili imekuwa ikiitafiti tiba asili tangu mwaka 1974. Mganga anayekubali kuhojiwa ni mwenzenu, mheshimuni.

Sasa nawageukia ninyi. Kesho utakuwa dirishani, foleni imefika mlangoni. Mama kambeba mtoto mwenye homa. Umeandika 1x3 kwenye bahasha, umemsukumia, umeita mwingine. Kwa mama yule, alama hiyo ni fumbo, nawe umekuwa mganga wa gizani, uwe na koti jeupe au usiwe nalo. Mwambie: kidonge kimoja kila baada ya saa nane, dozi aimalize hata homa ikishuka, mtoto akitoka vipele, amrudishe haraka. Kisha muombe akurudishie maelezo hayo kwa maneno yake. Akikuuliza swali, lipokee kwa moyo mkunjufu, maana anayeuliza anaulinda uhai wa mwanawe. Nawe usipojua jibu, sema sijui, kamuulize aliyekuzidi.

Siri moja mmekabidhiwa, nayo ni ya mgonjwa. Mitaa yetu imebanana. Utampima jirani, utampima mwalimu wako, utampima mchumba wa rafiki yako. Majibu yao yaishie chumbani mlimosemea. Usimwambie hata mama yako mzazi.

Wahitimu, tunzeni siri ya mgonjwa, fungueni siri ya dawa. Mkifanya hivyo, watu wa Temeke na Kinondoni watawaamini kwa sababu wamewaelewa, na imani ya namna hiyo haitawaangusha wao wala ninyi. Nendeni mkawatumikie. Mungu awabariki, Mungu ibariki Tanzania.