Kila Kitabu na Umri Wake
Mhadhara wa umma uliotolewa Ushirombo



Nimetakiwa kuzungumza juu ya vitabu nivipendavyo na kuvipendekeza kwa watu wa rika na hali mbalimbali. Ombi hili si jepesi kama linavyoonekana, kwa maana mtu anayempendekezea mwenzake kitabu humdai saa nyingi za maisha yake, nazo ni saa ambazo katika nchi hii ya pamba, tumbaku na dhahabu hugombaniwa na kazi nyingine zenye haki kubwa. Na mwenye kudai hana budi kueleza sababu. Kwa hiyo sitawasomea orodha. Nitaeleza itikadi moja niliyo nayo mintarafu ya usomaji, kisha nitataja vitabu vinavyoithibitisha, nikikaa kitako kwa baadhi yake na kuvipita vingine kwa salamu tu.

Itikadi yenyewe ni kwamba kila kitabu kina umri wake katika maisha ya msomaji, na kwamba sisi, kwa sababu ya mitihani, tumeuvuruga mpango huo. Vitabu vilivyoandikwa kwa watu waliokwisha kuoa, kuzika, kudaiwa na kudhulumiwa, tumewapa vijana wa miaka kumi na sita, tukawaamuru wataje dhamira na tamathali za semi, wakazitaja, wakapata alama zao. Na walipofikia umri ambao vitabu vile vingewafaa, hapakuwa na mtu wa kuwarudishia. Mkulima hapandi mpunga wake kiangazi kisha akailaumu mbegu. Hata hivyo nimewasikia watu wazima, wenye akili na heshima zao, wakisema kuwa fasihi ya Kiswahili haina ladha, ilhali waliyoionja ni ile ya miongozo ya mtihani, yenye muhtasari wa sura na orodha ya wahusika, na hawajapata kuirejea tangu walipovua sare ya shule.

Nianze na watoto, ingawa kwao sina maneno mengi, kwa kuwa mtoto wa nchi hii huanza kwa masikio. Aliyesimuliwa habari za Masala Kulangwa, mtoto aliyelishinda zimwi Shing'weng'we na kuwatoa hai watu wote waliokuwa wamemezwa, amekwisha kujua namna kisa kinavyojengwa, na kitabu cha kwanza kitakachomfaa ni kile kisichopungua shani ya hadithi ile. Mimi humpa Adili na Nduguze cha Shaaban Robert, kilichotoka mwaka 1952, tena nataka asomewe kwa sauti na mtu mzima kabla hajaachiwa akisome peke yake. Mtu mwema, mtawala mwenye sifa njema, huwachapa manyani wawili kila usiku, kisha huwaonea huruma; mtoto gani atakubali kulala asielezwe sababu? Maneno magumu yatampita mengi, na si kitu. Atayakuta tena mbele ya safari.

Kwa kijana wa miaka kumi na minne au kumi na mitano nampendekezea, bila haya wala kuomba radhi kwa wenzangu wa vyuoni, hadithi ya upelelezi. Muhammed Said Abdulla wa Unguja aliandika Mzimu wa Watu wa Kale, kikashinda katika mashindano ya uandishi ya mwaka 1957 na 1958, kikachapishwa mwaka 1960; na ndani yake akatuletea Bwana Msa, mtu wa kiko na wa fikra, ambaye penye maiti iliyokutwa mzimuni, mahali ambapo watu wamezoea kuogopa kabla ya kuuliza, yeye huuliza kwanza. Wapo walimu wanaokiona kitabu hiki kuwa mchezo. Nawaomba wakitazame upya wakiwa wamesimama hapa tulipo. Katika mikoa hii ya Shinyanga na Geita akina bibi wameuawa kwa mapanga kwa kudhaniwa kuwa wachawi, wengine kwa sababu tu ya macho yao mekundu, macho yaliyoharibiwa na moshi wa kuni walizopikia watoto wao na wajukuu wao kwa miaka mingi. Msiba ulipotokea nyumbani kwa fulani, palitafutwa mtu wa kubebeshwa, na aliyebebeshwa alikuwa mnyonge kuliko wote kijijini. Kitabu kinachomzoeza kijana kungoja ushahidi, kupima neno la kila shahidi, kukataa kusadiki kuwa mzimu umeua mahali ambapo mkono wa mwanadamu ulikuwa na sababu ya kuua, kitabu hicho kwetu si mchezo hata chembe. Laiti kingalikuwa katika kila shule kuanzia hapa Bukombe mpaka Kishapu, tena kisiwekewe maswali ya mtihani, wakisome kwa uchu wa kumjua muuaji. Baada yake Kisima cha Giningi, cha mwandishi huyo huyo, kitasomwa bila kuamrishwa, na Simu ya Kifo cha Faraji Katalambulla kadhalika.

Sasa nafika kwa watu wazima, ambao ndio hasa niliowajia.

Rosa Mistika, riwaya ya Euphrase Kezilahabi iliyotoka mwaka 1971, ilipigwa marufuku shuleni kwa muda, kisha ikaruhusiwa ikawa kitabu cha kufundishia, na katika mabishano yote hayo watu walizungumza juu ya wasichana: je, yawafaa wasichana au yatawaharibu? Mimi naona kuwa kitabu hiki kimepelekwa kwa mtu asiye wake. Mwenye kustahili kukisoma ni baba. Zakaria, baba wa Rosa, ni mlevi aliyedhani kuwa kipigo ndiyo malezi, akampiga bintiye kwa ajili ya barua ya mvulana mpaka hofu ikachukua nafasi ya akili ndani ya moyo wa mtoto yule. Na yote yaliyomfika Rosa baadaye, alipokuwa mbali na macho ya baba, mizizi yake imo katika siku ile. Mwanaume mwenye binti wa miaka kumi na miwili na akisome mwaka huu, asingoje bintiye afike kidato cha tatu.

Kusadikika nacho kilitoka mwaka 1951, nchi ikiwa bado chini ya Waingereza, na Shaaban Robert akaiweka nchi yake ya kubuni angani, mahali pasipoweza kushtakiwa. Karama anashitakiwa na Waziri Majivuno kwa kosa la kufundisha elimu ya sheria, naye hujitetea mbele ya mfalme kwa kusimulia habari za wajumbe sita waliotumwa pande zote, mbinguni na ardhini pia, wakarudi na mambo ya kuifaa nchi, na ujira wao ukawa kifungo. Kijana wa shule huhesabu wajumbe ili asikosee katika mtihani. Lakini mtu aliyewahi kukaa katika baraza la kijiji, akasimama na kuuliza mapato ya kijiji yamekwenda wapi, akaambiwa kuwa yeye ni mchochezi, mtu huyo atakapokifungua Kusadikika hatakuwa na haja ya mwalimu. Namtakia kila mjumbe wa serikali ya kijiji akisome siku anayochaguliwa, na mwenyekiti wake akisome naye.

Kwa ndugu zetu wa machimbo, wanaoshuka alfajiri katika maduara, yaani mashimo ya dhahabu, na wanaokesha kwenye makarasha na mialo ya kusagia na kuoshea mawe yake, nataka kuvioanisha vitabu viwili visomwe kwa kufuatana. Cha kwanza ni Kuli cha Adam Shafi, cha mwaka 1979, kinachosimulia maisha ya wachukuzi wa bandari ya Unguja na mgomo wao wa mwaka 1948. Humo mchimbaji atawaona watu wenye migongo kama yake wakigundua polepole kuwa jasho la kila mmoja linaibwa kwa njia ile ile, na kuwa njia hiyo ina majina na sahihi za watu. Cha pili ni Utubora Mkulima cha Shaaban Robert, kilichochapishwa mwaka 1968 baada ya kufa kwake, habari za mtu anayeacha kazi ya mshahara mjini akashika jembe kwa hiari. Vitabu hivi viwili havipatani. Kimoja chataka mfanyakazi akae papo hapo apiganie haki yake, kingine chamwonyesha heshima iliyoko nje ya mshahara. Na kijana wa Ushirombo, aliyeliacha shamba la baba ili akatafute dhahabu, ambaye kila masika huulizwa na mamaye kama atarudi kulima, anastahili kuyasikia maneno ya pande zote mbili kabla hajajibu.

Tamthilia nitaipita, kwa kuwa hiyo yataka jukwaa zaidi ya kiti. Nitasema tu kuwa kikundi chochote cha vijana kitakachojaribu kuicheza Kinjeketile ya Ebrahim Hussein hakitajuta. Na ushairi unastahili mhadhara wake wenyewe, ila wazazi wasiache kuuweka pamoja utenzi ambao Mwana Kupona alimtungia binti yake mwaka 1858 na zile tenzi mbili ambazo Shaaban Robert aliwatungia bintiye na mwanawe, zilizomo katika Maisha Yangu, ili waone jinsi mzazi mgonjwa na mzazi mjane walivyofanya wasia kuwa sanaa.

Lakini kama ningeambiwa nichague kitabu kimoja tu kwa ajili ya watu wa ukanda huu wa ziwa, nisingesita. Ningechagua Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, Ntulanalwo na Bulihwali, cha Aniceti Kitereza wa Ukerewe. Mzee huyu aliyezaliwa mwaka 1896 alikimaliza kwa Kikerewe mwaka 1945, asipate mchapishaji; akakihamishia mwenyewe katika Kiswahili, akangoja; kikatoka Dar es Salaam mwaka 1980, naye akafariki mwaka 1981. Miaka thelathini na mitano kitabu kilikaa kikimngojea msomaji, na nasikitika kusema kuwa kwa watu wengi wa kanda hii kingali kinangoja, ijapokuwa Ukerewe si mbali nasi na mambo yake tunayajua.

Kisa chake ni cha mume na mke waliopendana na wasiojaliwa mtoto. Jamaa za mume wanamtukana mke, wazazi wake wanamchukua, na mume inambidi aende ukweni kwa unyenyekevu na alipe pombe ili arudishiwe mkewe. Kisha wanahangaika na waganga, mpaka wanazaliwa Ntulanalwo na dada yake Bulihwali. Mwenye haraka atakiona kirefu, kwa sababu Kitereza hapiti jambo lolote bila kulieleza: namna ya kupika pombe, kumkaribisha mgeni, kuvua, kutibu, kulia msibani, kugawa nyama. Urefu huo ndio uzuri wake. Alitaka kizazi kitakachokuja kijue jinsi watu walivyoishi, na hakumwamini mtu mwingine kuwa atayaandika hayo. Aghalabu husemwa kuwa Kiswahili ni mali ya pwani na kuwa bara tulipewa; nami nasema kuwa kisiwani Ukerewe pekee walizaliwa waandishi Kitereza, Kezilahabi na Gabriel Ruhumbika, na kuwa mwenye kutaka kuijua riwaya ya Kiswahili hana budi kuvuka maji ya ziwa letu.

Nakipendekeza hasa kwa walio katika ndoa isiyo na mtoto, na kwa mama mkwe na mawifi wao. Nimewaona watu wakipewa vitabu vya dawa na vya maombi kwa ajili ya shida hiyo, na sivikatai, ila sijaona kingine kinachoonyesha mwanaume akimlilia mkewe, akimfuata, akikataa kumwacha, bila ya mwandishi kumfanya dhaifu.

Nimalizie kwa wazee, ambao watu hudhani wamekwisha kupitwa na vitabu. Kwao napendekeza habari za safari na za maisha. Hamed bin Muhammed el Murjebi, yaani Tippu Tip, aliyaandika maisha yake kwa Kiswahili cha hati za Kiarabu alipoombwa na Mjerumani Heinrich Brode, na yakachapishwa mwanzoni mwa karne ya 20. Mzee wa hapa, ambaye babu zake walizijua njia za misafara, atayasoma kwa macho yasiyoweza kudanganyika, akiuliza wako wapi wale waliobeba pembe za ndovu. Akimaliza ashike Peponi, riwaya ya Abdulrazak Gurnah iliyotafsiriwa na Ida Hadjivayanis mwaka 2022, ambamo mtoto aliyewekwa rehani kwa deni la babaye anaingia bara na msafara wa mfanyabiashara. Na akitaka kicheko na mshangao, zipo safari za Selim bin Abakari, aliyekwenda Urusi na Siberia mwaka 1896 akaeleza kwa Kiswahili safi jinsi alivyoyaona mataifa yale.

Na mwisho nina ombi juu ya wazee wenyewe. Katika nchi hii ya Usumbwa ndiko alikozaliwa Msiri, aliyekwenda Katanga kwa biashara akasimamisha dola huko, mpaka akauawa mwaka 1891. Wasumbwa walitembea kwa miguu kwenda kwenye shaba ya Kongo kabla mzungu hajaijua njia. Nyinyi wazee mnazo habari za njia hizo, za watemi, za misheni ya hapa Ushirombo iliyoanza mwishoni mwa karne ya 19, za pamba na ushirika, za siku machimbo yalipofunguliwa na watu wakahama. Tippu Tip aliombwa, akaandika. Kitereza hakuombwa, akaandika vilevile. Basi nawaomba walimu wa shule zetu wawapeleke wanafunzi kwa wazee hawa na madaftari mikononi, waandike kwa Kiswahili wanachokisema, bila kukisawazisha. Na yule atakayejaza daftari la kwanza naomba aniletee nilisome kabla halijachapwa.