Malisho Yenye Hati

Msikilizaji, kila ukame unapotajwa katika taarifa ya habari, mfugaji huelezwa kama mtu anayesubiri msaada. Kwetu sisi wa Chumbageni, jijini Tanga, mbali na maboma ya wafugaji ya Handeni na Kilindi, ni rahisi kuamini hivyo. Si kweli.

Wafugaji wa Kimaasai wana alalili, malisho yanayofungwa wakati wa mvua ili ndama na ng'ombe dhaifu wapate nyasi kiangazi kikikaza. Ng'ombe wenye nguvu hupelekwa mbali. Kuhama huko kuna hesabu yake, maana mvua hunyesha bonde hili ikaliruka lile, na siku hizi ni vigumu kuitabiri. Lakini pamoja na maarifa hayo, ukame wa mwaka 2009 uliua mifugo mingi mno Longido, Monduli na Ngorongoro. Maarifa peke yake hayamwokoi ng'ombe ambaye njia yake imezibwa na mashamba.

Jirani zetu wa Kiteto wamepata jibu. Vijiji vya Olkitikiti, Lerug na Ngapapa viliunganisha malisho, vikakubaliana mpango mmoja wa matumizi ya ardhi, na eneo likaitwa OLENGAPA. Wafugaji wakapewa hatimiliki za kimila kama kundi. Mpaka wa kijiji haumzuii tena ng'ombe kufuata nyasi.

Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inaruhusu hayo. Halmashauri za mkoa wetu wa Tanga ziwapimie wafugaji malisho na mapito ya mifugo sasa, kabla kiangazi kingine hakijaingia.