Chakula cha Mchana cha Mtoto wa Shule

Wasikilizaji, kila asubuhi katika miteremko ya Mlima Kenya, kutoka Meru mpaka Embu, watoto huonekana njiani wakienda shule, na ndani ya mikoba ya wengi wao umo mkebe wenye mfuniko. Mara nyingi kilichomo ni githeri. Wako watu waidharauo, wakidhani kwamba mama mwenye maarifa hana budi kumpa mtoto mkate mweupe wa dukani. Watu hao wamekosea. Mahindi na maharagwe yaliyopikwa pamoja yakaiva vema hukaa tumboni muda mrefu, na kila kimoja humtimizia mwenziwe alichopungukiwa.

Hata hivyo githeri peke yake haitoshi, na jambo hili lilipimwa huko huko Embu. Mwaka 1998 wataalamu wakiongozwa na Charlotte Neumann wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, na Nimrod Bwibo wa Chuo Kikuu cha Nairobi, walianza uchunguzi katika shule 12 za msingi upande wa Kyeni, kwa watoto zaidi ya 500 wa darasa la kwanza. Shule za kundi moja zilipewa githeri yenye mboga na mafuta. Kundi la pili liliongezewa nyama ya ng'ombe iliyosagwa, gramu 60 na baadaye 85. La tatu lilipewa githeri na bilauri ya maziwa. Kundi la nne halikupewa chakula chochote shuleni, bali jamaa za watoto hao walipewa mbuzi wa maziwa, nayo ilikuwa haki.

Baada ya karibu miaka miwili, watoto waliokula nyama waliwapita wenzao wote katika mtihani wa kufikiri kwa michoro. Misuli ya mikono yao iliongezeka zaidi, na katika uwanja wa michezo ndio waliokuwa wachangamfu na wenye kuwaongoza wengine. Miongoni mwa waliokunywa maziwa, wale waliokuwa wamedumaa walirefuka. Nyama na maziwa vina vitamini B12, ambayo haimo katika mahindi, wala maharagwe, wala sukuma wiki. Na madini ya chuma yaliyomo katika nyama hupokewa na mwili kwa urahisi.

Uchunguzi ule ulifunua na jambo jingine, ambalo pengine lawahusu wazazi zaidi. Katika kundi la githeri tupu na lile la maziwa, chakula ambacho watoto walikula nyumbani kilipungua, hata faida ya kile cha shuleni ikawa ndogo. Si ajabu, kwa maana mama mwenye watoto wengi na sufuria moja humtazama kwanza yule ambaye hajala. Lakini mkebe wa shule ni nyongeza. Mtoto aliyeumaliza mchana bado anastahili sahani yake kamili jioni.

Mzazi wa Igembe au Mbeere atauliza nyama ya kila siku itatoka wapi. Haimlazimu kuwa na nyama. Yai lililochemshwa husafiri vema ndani ya ganda lake, na dagaa wachache waliokaangwa wakachanganywa na githeri hawana gharama kubwa. Ni kweli kwamba yai huuzwa ili kununua sabuni, na maziwa ya asubuhi hupelekwa katika chama cha ushirika. Hakuna awezaye kumlaumu mama kwa hayo. Lakini maziwa ya bure yaliyoanza kugawiwa shuleni mwaka 1979 yalikoma zamani, na kikombe kimoja kikibakizwa kwa mtoto kabla ya debe kuondoka, hesabu ya mwezi haitaharibika sana.

Kuhusu kufungasha, githeri ya jana na ichemshwe tena asubuhi, ikaukie mchuzi, kisha iachwe itoe mvuke kabla ya kufunikwa. Ikifungwa na mvuke wake huchacha upesi, hasa huko Ishiara na Tharaka kwenye joto. Parachichi lisipondwe ndani yake, bali mtoto alichukue zima. Siku ambayo mama ana haraka, viazi vitamu au nduma zilizochemshwa usiku zikaachwa na maganda yake zafaa sana, mradi nduma ziive kabisa, kwani zisipoiva huwasha koo. Kipande cha papai au chungwa huusaidia mwili kupokea chuma kilichomo katika maharagwe. Chai hufanya kinyume chake, ijapokuwa ndiyo iletayo fedha katika nyanda za juu. Basi chupa ya mtoto na itiwe maji yaliyochemshwa.

Mkebe wenyewe uoshwe jioni ile ile kwa maji moto na sabuni, na pembe za mfuniko zisuguliwe, maana punje moja ya haragwe iliyolala humo yatosha kukichachusha chakula cha kesho.