NANI KAIHARIBU NYUMBA?
Hotuba kwa wanachama wa Mtwara



Twataka kuzungumza nanyi habari ya vyumba vya kupangisha. Wengi wenu mmevijenga kwa fedha za korosho, chumba kimoja kimoja. Kati ya 2012 na 2015, bomba la gesi lilipokuwa likijengwa kwenda Dar es Salaam, wageni walifurika na vyumba vikaongezeka. Wageni wengi wamekwenda zao. Magomvi ya nyumba hayajesha.

Juzi tuliitwa kusuluhisha. Mama mwenye nyumba amefunga mlango kwa kufuli, na vyombo vya mpangaji vimo ndani. Asema ukuta umebomolewa. Mpangaji asema aliukuta vile vile. Tulipougonga, udongo ulimwagika: fito zote zimeliwa na mchwa. Lakini mlango nao ulikuwa umepasuka kwa magunia ya korosho, na mpangaji akakiri kuwa ni yeye. Hapakuwa na karatasi hata moja.

Ndugu zetu, hatuna budi kwanza kuwatazama maadui wa nyumba katika pwani hii. Upepo wa chumvi hula mabati na misumari. Mchwa hula miti. Mvua za Desemba hadi Aprili humaliza kilichobaki. Kwa hiyo yafaa kila Oktoba mwenye nyumba atazame paa, azibue mifereji, na avunje njia za mchwa kwenye msingi. Sheria ya Ardhi ya 1999 yasema kuwa anayepangisha sehemu tu ya nyumba, paa, kuta kubwa na mifereji mikuu ni juu yake. Mpangaji naye atunze alichokabidhiwa. Uchakavu wa kawaida hahesabiwi.

Pili, siku ya kuingia, wawili hao wapite pamoja mbele ya mjumbe: mlango, kitasa, dirisha, sakafu, choo. Yaandikwe, watie sahihi, kila mmoja achukue nakala, na picha zipigwe kwa simu. Siku ya kutoka karatasi hiyo isomwe tena.

Tatu, kitu kikivunjika, aitwe fundi aseme gharama. Mpangaji alipe alichovunja, wala asitozwe nyumba mpya. Wasipopatana waende kwa mjumbe, kisha Baraza la Kata liwasuluhishe. Likishindwa, lipo Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Kumfungia mtu nje na watoto wake ni uonevu, na kufuli halitengenezi ukuta.

Yule mama alifungua jioni ile ile. Mpangaji alilipa seremala, mama akanunua fito. Wote wawili ni watu wa jasho, na wote wawili nusura waingie hasara kwa kukosa karatasi moja. Tusingoje mvua, ndugu. Oktoba i karibu. Kila mtu akatazame paa lake.