Mkubwa na Mdogo Mbele ya Sheria

Mazungumzo ya redioni. Masomo: 2 Samweli 12:1-7, Yakobo 2:1-9

 

Leo tunataka tufikiri pamoja juu ya swali linaloulizwa sana sokoni na ndani ya matatu, hasa magazeti yanapotoa habari za mtu mashuhuri aliyeshtakiwa. Watu huulizana, "Je, huyu atafungwa kweli?" Na kabla swali halijajibiwa, mwingine hucheka na kusema, "Mnyonge hana haki." Msemo huo ni wa zamani, nao ni msemo wa watu waliokata tamaa. Basi na tuulize waziwazi: je, ni halali mtu afunguliwe njia ya pekee mbele ya sheria kwa sababu ana mali, au jina kubwa, au ukoo unaojulikana?

Wako wanaojibu kwamba ni halali, wala si watu wabaya. Husema hivi: "Mtu huyu ameajiri watu mia. Amejenga zahanati. Akifungwa, wafanyakazi wake watalala njaa. Tena mtu maarufu akitajwa tu gazetini amekwisha kuadhibiwa, maana aibu yake hujulikana nchi nzima." Maneno haya yana uzito wake, nasi tutayarudia. Lakini kwanza na tuyasikie Maandiko.

Mfalme Daudi alimchukua mke wa Uria, askari wake, na Uria akauawa vitani kwa mpango wa mfalme mwenyewe. Nani angeweza kumshtaki? Mfalme ndiye aliyekuwa mwamuzi mkuu wa nchi. Ndipo Mungu akamtuma nabii Nathani. Nathani hakuanza kwa kutaja jina. Alieleza habari za watu wawili wa mji mmoja, tajiri mwenye mifugo mingi, na maskini mwenye mwana-kondoo mmoja tu, aliyemlea nyumbani kama mtoto wake. Mgeni alipofika kwa tajiri, tajiri akawaacha wanyama wake wote, akamchinja yule mmoja wa maskini. Daudi akawaka hasira akasema mtu huyo anastahili kufa. Hapo ndipo Nathani alipomwambia kwamba mtu huyo ni yeye.

Angalieni jambo hili, wapendwa. Daudi aliijua haki, tena aliijua upesi sana. Kilichokuwa kimemfumba macho ni kwamba mkosaji alikuwa mkubwa, naye mkubwa huyo alikuwa yeye mwenyewe. Jina lilipoondolewa, aliona sawasawa.

Basi na tujifunze kwa Nathani kuondoa jina kwanza. Chukueni kesi hii. Mwenye shamba kubwa anawakuta watu wasiovaa sare mahali pa kuchinjia wanyama shambani mwake. Anapiga risasi, mmoja anakufa. Marehemu anatambulika kuwa askari wa serikali wa kulinda wanyama wa pori, aliyekuwa kazini akichunguza biashara ya nyama ya wanyama hao. Mwenye shamba anasema alidhani ni wanyang'anyi, naye alikuwa akijikinga. Tufanye nini? Mtoto wa darasa la nne angetujibu. Apelekwe kortini, mashahidi wasikizwe, na jaji aamue. Kama alijikinga kweli, aachiliwe. Kama sivyo, ahukumiwe.

Sasa na tulirudishe jina. Ilikuwa Aprili 2005, katika shamba la Soysambu, karibu na Ziwa Elementaita. Mwenye bunduki alikuwa Thomas Cholmondeley, kitukuu cha yule Lord Delamere aliyekuwa kiongozi wa masetla. Alishtakiwa kwa kuua. Lakini mwezi uliofuata, Mkuu wa Sheria, akitumia uwezo aliopewa na Katiba ya wakati ule, aliiondoa kesi kabla haijasikizwa, na mshtakiwa akaenda nyumbani. Wamaasai, ambao marehemu alikuwa mtu wao, waliandamana kwa uchungu mwingi.

Mwaka mmoja baadaye, Mei 2006, katika shamba hilo hilo, mtu wa pili alipigwa risasi akafa. Huyu alikuwa fundi wa mawe aliyeingia humo pamoja na wenzake kuwinda. Safari hii kesi ilisikizwa. Mshtakiwa alikaa rumande karibu miaka 3, na Mei 2009 Mahakama Kuu ikamwona na hatia ya kuua bila kukusudia, ikampa kifungo cha miezi 8. Wengi walilalamika kwamba kifungo ni chepesi. Wengine walisema miaka ya rumande nayo ni adhabu. Mwenyewe alifariki mwaka 2016, naye sasa yuko mbele ya Hakimu wa wote. Hatutaki kumhukumu mara ya pili, wala kumfundisha jaji kazi yake, maana yeye aliwasikia mashahidi.

Lakini na tuzipime kesi hizi mbili. Katika ile ya pili, hata asiyeridhika anaweza kuisoma hukumu, akaona sababu zake, akabishana nazo. Ile ya kwanza haina hukumu. Jamaa za yule askari hawakuisikia mahakama ikisema kama ndugu yao aliuawa kwa dhuluma au kwa bahati mbaya. Tena yule mwenye shamba naye, ikiwa kweli alijikinga, hakupata neno la mahakama la kumsafisha. Watu wakabaki wakinong'ona mpaka leo. Hivi ndivyo upendeleo ulivyo, au hata jambo linaloonekana na watu kuwa upendeleo. Humnyima mdogo haki yake, na mkubwa nao humwachia doa lisilofutika.

Zamani tofauti hii iliandikwa sheriani. Huko Uingereza, lord aliyeshtakiwa kwa kosa kubwa alikuwa na haki ya kuhukumiwa na malord wenzake hadi mwaka 1948. Hapa kwetu wakati wa ukoloni, Mzungu aliyeshtakiwa kwa kosa kubwa alihukumiwa mbele ya juri la Wazungu wenzake, bali Mwafrika alihukumiwa na jaji aliyesaidiwa na wazee washauri, ambao jaji hakulazimika kuyafuata maoni yao. Leo maandiko hayo yamefutwa. Katiba yetu ya mwaka 2010, katika Kifungu cha 27, yasema kila mtu ni sawa mbele ya sheria, na Kifungu cha 159 chaziagiza mahakama zitende haki kwa wote bila kujali cheo cha mtu. Tena Kifungu cha 157 chasema Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma hawezi kuiondoa kesi bila ruhusa ya mahakama. Kama sheria hiyo ingalikuwako mwaka 2005, ingalibidi jaji aulizwe kwanza. Tumshukuru Mungu kwa hatua hiyo.

Hata hivyo, upendeleo usioandikwa una milango mingi midogo. Uko kwenye kaunta ya polisi, ambapo taarifa ya mjane haiandikwi kitabuni kwa sababu aliyelima mpaka wake ni mtu mkubwa. Uko katika maradhi yanayowashika wakubwa siku ile ile wanapokamatwa, wakalala hospitalini badala ya rumande. Uko katika kesi inayoahirishwa mara kumi, mpaka shahidi maskini anakosa nauli ya kuja kortini. Na watu wetu wana methali za kuufunika. Husema, penye udhia penyeza rupia. Husema, mkono mtupu haulambwi.

Uko pia mahali tusipoutazamia. Hakimu asema, "Faini shilingi 20,000, au kifungo miezi 6." Tajiri na kibarua wakipewa maneno hayo hayo, je, wamepewa adhabu moja? Tajiri atalipa kabla ya chakula cha mchana. Kibarua ataingia ndani, na watoto wake wataacha shule. Bwana Yesu alipoketi hekaluni akiwatazama watu wakitoa sadaka, hakuhesabu sarafu tu. Aliona kwamba senti mbili za yule mjane zilikuwa riziki yake yote. Kipimo chake kilikuwa kile kilichobaki nyumbani. Nchi ya Finland imejaribu kupima hivyo. Tangu mwaka 1921, faini nyingi za huko huhesabiwa kwa mapato ya mtu ya siku. Mwaka 2002 mkubwa mmoja wa kampuni ya Nokia alitozwa zaidi ya Yuro 100,000 kwa kwenda mbio kwa pikipiki. Baadaye alikata rufani, na faini ikapunguzwa sana kwa kuwa mapato yake yalikuwa yamepungua. Mizani yao ilifuata mfuko ulipojaa, na pia ulipopungua.

Basi turudi kwa wale wenye hoja ya zahanati. Zahanati ni kazi njema, na aliyeijenga ashukuriwe. Lakini shukrani ni deni letu kwake, wala si hati ya kumruhusu amdhulumu jirani. Aliyepewa vingi atadaiwa vingi, ndivyo Bwana alivyofundisha. Kuhusu aibu, maskini naye ana jina kijijini kwake, na watoto wake nao huchekwa kisimani. Na kuhusu huruma, hatuipingi hata kidogo. Iwepo, lakini iombwe mahakamani waziwazi, kwa sababu ambazo kila mtu anaweza kuzitaja. Ikiwa ugonjwa wa tajiri ni sababu ya kupewa dhamana, ugonjwa wa maskini uwe sababu vilevile.

Tukumbuke pia kwamba Torati, katika Walawi 19, inakataza mambo mawili pamoja. Inakataza kumstahi mwenye nguvu katika hukumu, na inakataza kumpendelea maskini. Tusifurahi mtu anapofungwa kwa sababu tu ni tajiri. Mwenye mali asiye na hatia ana haki ya kwenda nyumbani kichwa juu, kama mtu mwingine yeyote.

Sasa Yakobo anatuuliza swali la mwisho, nalo linatuhusu sisi kanisani. Anataja watu wawili wanaoingia ibadani, mmoja mwenye pete ya dhahabu, mwingine mwenye nguo chafu. Wa kwanza anapewa kiti kizuri, wa pili anaambiwa asimame kando. Tunazijua harambee zetu, na viti vya mbele vyenye vitambaa. Kumheshimu mgeni si dhambi. Lakini heshima ni mali yetu, tunaweza kumpa tunayemtaka. Haki si mali yetu. Musa aliwaambia waamuzi wa Israeli kwamba hukumu ni ya Mungu, na mtu hawezi kumgawia rafiki yake kitu kisicho chake. Askari, hakimu, chifu na mzee wa kanisa ni watunzaji tu. Hatari ni kwamba mtu aliyezoea kumwinamia mkubwa katika kiti atamwinamia pia katika ushahidi. Ataitwa kueleza alichokiona, naye atasema hakuona.

Kwa hiyo, mpendwa msikilizaji, wiki hii utakapoketi kuamua neno, liwe la mpaka wa shamba, la mtoto aliyepigwa, au la fedha za chama, fanya kama Nathani. Ondoa majina kwanza. Sema, "Mtu mmoja alimfanyia mwenzake hivi." Amua moyoni. Kisha yarudishe majina, usibadilishe neno.

Na tuombe. Ee Mungu, Hakimu wa mbingu na nchi, wewe huwatazami watu kwa mali yao wala kwa majina yao. Wape majaji na mahakimu wetu ujasiri, wape askari wetu mikono safi, na wape mashahidi ulimi wa kweli. Uwakumbuke walio rumande kwa kukosa dhamana, na wafiwa ambao kesi zao hazijasikizwa. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu, aliyesimama kortini bila wa kumtetea. Amina.